Kitanda cha Chumba Namba Nne

Mtaani walimwita Mama Daftari, na wengi hawakukumbuka tena aliitwaje kabla ya hapo. Alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba sita, ngazi za saruji zilizolika katikati, na ubao wa funguo nyuma ya mlango ambapo kila ufunguo ulikuwa na msumari wake na haukuruhusiwa kutembelea msumari wa jirani. Kila asubuhi saa moja kamili, kabla hata ya kunywa chai, alipanda ngazi akiwa na daftari kubwa la jalada jeusi kwapani na kalamu imechomekwa nyweleni, akaenda kukagua vitanda.

Vitanda, si wageni. Mgeni akiulizwa amelala wapi anaweza kusema lolote, na wengi walisema. Lakini shuka haijui kudanganya. Kitanda kilicholaliwa alikiwekea alama ya vema. Kisicholaliwa alikichorea mstari mfupi, na pembeni akaandika neno moja: hakikulaliwa. Mgeni mpya aliyetoka kuoga na kumkuta mwanamke mzima akipapasa mto wake alishtuka siku ya kwanza. Siku ya pili alizoea, au alihama.

Ukali huu ulikuwa na chanzo chake. Miaka ishirini na miwili nyuma, mume wake akiwa bado hai, walimpokea mtu mmoja kutoka nje ya nchi, mpole, mwenye begi moja, aliyesema anakaa wiki mbili akakaa miezi mitano. Hawakumwandikisha. Walijua mgeni ni baraka, na nani anaenda ofisini kuandikisha baraka? Maofisa wa uhamiaji walipofika, baraka ilikuwa imeshaondoka na begi lake, na nyumba ikafungwa siku arobaini. Karatasi yenye muhuri ikabandikwa mlangoni. Majirani wakawa wanapita wanaisoma, wengine mara mbili, kama vile usiku imeongezwa habari mpya. Yeye alisimama nyuma ya pazia akiwatazama wanavyosoma, na aibu ile haikumtoka. Siku ya arobaini na moja aliibandua ile karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya jalada la daftari alilolinunua asubuhi hiyo hiyo.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," alimwambia mumewe, na tangu hapo hakuna usiku hata mmoja uliopita katika nyumba ile bila kuandikwa.

Kanuni akazijua kuliko waliozitunga. Mtu wa kutoka nje akilala zaidi ya siku saba, aandikishwe. Kibali cha msafiri wa muda mrefu kihuishwe kila baada ya miezi mitatu, na mwenyeji afike dirishani mwenyewe. Hatumi barua, hatumi mpwa. Msafiri akihama chumba, taarifa. Akilala nje ya makazi yaliyoandikishwa usiku tatu mfululizo, taarifa, na anayetakiwa kuitoa ni mwenyeji. Mama Daftari alipokuwa kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji akisubiri zamu yake, hakuweza kutulia. Alichungulia fomu za watu.

"Hapo hawataki jina la baba, wanataka jina la ukoo. Baba yako wanamtaka ukurasa wa pili."

Watu walidhani ameajiriwa pale. Hata mlinzi wa getini alimwamkia kama mkubwa wake.

Mgeni aliyemzoesha benchi lile kuliko wote ni Mzee wa Namba Nne. Alikuja kwa wiki tatu, kuona nchi, kama alivyoeleza mwenyewe kwa ishara. Alikuwa fundi bomba aliyestaafu, mjane, hana mtoto, nyonga moja mbovu, na ndani ya sanduku lake, katikati ya mashati, alikuwa na spana. Kwa nini mtu asafiri na spana kwenda kuona nchi, hakuna aliyemuuliza. Wiki tatu zikawa miezi mitatu, akaomba kibali cha muda mrefu. Miezi mitatu ikawa mwaka, akauza nyumba yake ya kule kwao kwa simu. Akawa anatembea asubuhi mpaka sokoni na kurudi, anakaa uani, anasoma. Na lugha yetu akajifunza palepale ofisini, kwa kusoma matangazo yaliyobandikwa ukutani, mara nne kila mwaka, saa tatu tatu za kusubiri.

Kwa hiyo alizungumza kama tangazo. "Naomba kuarifu kwamba chai imekwisha," alisema asubuhi. Mvua ikianza, alitoa kichwa dirishani na kupaza sauti: "Wahusika wote wa nguo zilizoanikwa wanaombwa kufika bila kukosa." Mpwa wa Mama Daftari, binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa akisaidia kazi za nyumba, alicheka hadi akashika mbavu. Mama Daftari hakucheka. Aliona mzee anazungumza vizuri tu, tena kuliko wengi.

Wao wawili waliitana kama fomu ilivyowaita. Yeye alimwita Mgeni, na mzee alimwita Mwenyeji. Miaka ikapita hivyo.

Tatizo lilikuwa bomba la jikoni. Lilivuja. Fundi wa mtaani alikuja akalikaza, likanyamaza wiki mbili, likaanza tena, tone moja moja ndani ya sufuria lililowekwa chini yake. Chumba namba nne kilikuwa juu ya jiko. Siku moja Mama Daftari aliingia jikoni akamkuta mzee amepiga magoti kwa nyonga yake ile mbovu, spana mkononi, uso umemchangamka kama mtu aliyeonana na rafiki wa utotoni.

"Mgeni! Simama!"

"Naomba kuarifu kwamba—"

"Kibali chako kinasema hakuna kazi, yenye malipo au isiyo na malipo. Unataka tufungiwe? Lete hiyo."

Akamnyang'anya spana, akaifungia kwenye saraka ya meza yake, na juu yake akagundisha kikaratasi: Mali ya mgeni wa Na. 4. Arudishiwe siku ya kuondoka. Bomba likaendelea kuvuja. Fundi aliyefanya kazi hiyo miaka arobaini akawa analala kila siku juu ya bomba linalovuja, na kanuni imemfunga mikono.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," jirani mshona nguo alimtania Mama Daftari siku moja. "Wako huyo ana miaka mingapi sasa? Jembe lake liko wapi?"

"Kibali hakiruhusu jembe," Mama Daftari akajibu, na hakuwa anatania.

Mwaka wa tano ulipotimia, mambo yakawa na uzito mwingine. Kanuni zinasema msafiri aliyekaa miaka mitano bila kukatiza katika makazi aliyoandikishwa anaweza kupewa kibali cha ukaazi wa kudumu, na akishapewa, hana tena safari za dirishani wala marufuku ya kazi. Lakini hesabu ikionekana imekatika, inaanza upya, na kwa msafiri aliyepita umri wa miaka sabini haianzi akiwa ndani: anapewa siku thelathini, anaondoka, anaomba upya akiwa kwao. Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwao hakuwa na nyumba tena wala mtu wa kumfungulia mlango. Mama Daftari alilijua hilo, na hakuliogopa hata kidogo, kwa sababu ushahidi wa miaka mitano ulikuwa mikononi mwake. Ofisi ilitaka daftari la wageni. Alikuwa nayo matano. Akayapiga pasi ncha zilizokunjamana, akayatia kwenye mfuko, akavaa nguo yake nzuri.

Dirisha la tatu lilikuwa la karani mmoja kijana, msichana mwenye miwani, aliyewahudumia tangu mwaka wa kwanza. Alifungua daftari la kwanza, akateremsha rula ukurasa kwa ukurasa kwenye safu ya chumba namba nne. Vema, vema, vema. Mama Daftari alisimama ameegemea kizingiti cha dirisha kama mama anayesikiliza mtoto wake akisifiwa na mwalimu. Katikati ya daftari la pili, rula ikasimama.

"Mama, hapa kuna mistari mitatu."

"Mistari gani?"

"Hakikulaliwa. Hakikulaliwa. Hakikulaliwa. Usiku tatu mfululizo, na hakuna taarifa iliyoletwa."

Mama Daftari akalivuta daftari. Mwandiko haukuwa wake, ulikuwa wa mpwa. Akaangalia tarehe, akazikumbuka: siku zile alikuwa hospitali. Kidonda cha tumbo kilipasuka akiwa kwenye ngazi, akachukuliwa hajitambui, akapasuliwa, akazinduka siku ya nne. Mpwa alibaki na nyumba, akakagua vitanda saa moja kamili, akaandika alichokiona. Mama Daftari mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Naye alipotoka hospitali alianzia ukurasa mpya, hakurudi kuusoma ule.

"Mgeni," akageuka, "ulikuwa wapi?"

Mzee aliangalia viatu vyake. "Naomba kuarifu kwamba nilikuwa nje ya makazi."

"Nje wapi?"

Mzee akaendelea kuangalia viatu. Karani akafunga daftari taratibu. Alisema bila maelezo hawezi kuendelea. Anawapa wiki moja walete ushahidi wa mahali mzee alipolala siku hizo, la sivyo hesabu imekatika. Benchini, mtu mmoja aliyesahihishwa fomu na Mama Daftari asubuhi ile ile akanong'ona na jirani yake, lakini si kwa sauti ndogo ya kutosha: "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Mama Daftari alimsikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye chake alikuwa amekipiga pasi na kukileta mwenyewe.

Alimtoa mzee nje, akamkalisha kwenye ukingo wa maua karibu na duka la fotokopi.

"Sasa sema. Kama ni mwanamke, sema. Mimi si mtoto."

Mzee alisema. Hakuwa na mwanamke. Alikuwa hospitali, kwenye stuli, karibu na kitanda chake yeye Mwenyeji. Usiku hospitali ile humruhusu mtu mmoja tu kulala na mgonjwa, na lazima awe ndugu. Muuguzi alimuuliza wewe nani wake, naye alijua akisema mgeni wa chumba namba nne atatolewa nje. Akaandika kwenye kitabu cha wanaolala na wagonjwa. Mpwa alipotaka kubaki, aliambiwa yupo mtu wenu tayari, akadhani ni yule jirani mshona nguo, akarudi kutunza nyumba. Mchana mzee alitoka kupumzika kwenye kiti cha bustani, jioni akarudi. Siku ya nne Mwenyeji alipozinduka, yeye alikwenda nyumbani kulala.

"Uliandika nini kitabuni?"

"Uongo," akasema mzee, kwa mara ya kwanza bila maneno ya tangazo. "Nilijua hupendi uongo kwenye vitabu. Ndiyo maana sikusema."

Mama Daftari alikasirika kweli. Alikasirika kwamba mtu wa nyumba yake ameandika uongo kwenye kitabu cha hospitali. Alikasirika kwamba miaka mitatu mizima amekaa na habari hiyo kama mtu aliyeficha sahani iliyovunjika. Walikwenda hospitali. Mtunza kumbukumbu aliwasubirisha nusu siku, akatafuta, akatoa fotokopi yenye muhuri. Pale kulikuwa na mistari mitatu, usiku tatu zile zile, jina la mgonjwa, jina la anayelala naye, na safu ya mwisho: uhusiano. Mara tatu, kwa herufi kubwa zilizoigwa kwenye matangazo, mzee alikuwa ameandika KAKA.

Mama Daftari alikaa kwenye ngazi za hospitali. Wazazi wake walipata watoto wawili, yeye na dada yake, na dada yake alikufa mapema, akamwachia mpwa. Mume akafuata. Kwa muda mrefu alikuwa amezoea kwamba hana kaka wala dada wa kuandikwa kwenye safu ile. Na kumbe kwa siku tatu alikuwa na ndugu, naye hakuambiwa. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akasoma muhuri kuona kama tarehe yake ni sahihi.

Kesho yake walirudi dirisha la tatu. Karani aliisoma fotokopi, akavua miwani, akaivaa.

"Sasa tumepata lingine," akasema. "Nisikilizeni niwasomee. Kanuni ya kumi na nne: usiku ambao msafiri amelala nje akimwuguza ndugu yake hospitalini hauhesabiwi kuwa usiku wa nje. Ndugu. Mwenye nyumba hayumo, nimetafuta." Akageuza fotokopi iwaelekee. "Kitabu cha hospitali kinasema kaka. Daftari lako, mama, na fomu zote ulizosaini mbele yangu, mara ishirini, zinasema mgeni. Vyote viwili haviwezi kuwa sahihi. Kama kilichokosea ni cha hospitali, mimi sikipokei, na mzee ana siku thelathini. Niambie kilichokosea kipi. Mimi naandika ninachoambiwa."

Mzee alisogea mbele. "Naomba kuarifu kwamba mwenye kosa ni—"

"Nyamaza," akasema Mama Daftari.

Aliyaangalia madaftari yake matano juu ya kizingiti. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kukata neno hata moja. Watu walimcheka kwa ajili ya madaftari yale, mume wake alifariki akimcheka, na yeye aliwavumilia wote kwa sababu alijua jambo moja: yaliyoandikwa mle yalikuwa kweli. Hakuna kingine alichojivunia duniani. Sasa aliombwa kuchagua, na foleni nyuma yake ilikuwa inakohoa.

"Langu," akasema.

"Lako lipi?"

"Daftari langu ndilo limekosea. Na fomu zote ishirini. Nilikosea tangu mwanzo."

"Huyu ni kaka yako?"

"Ni kaka yangu."

Karani alimwangalia mzee, akamwangalia yeye. Hata kipofu angeona hawakutoka tumbo moja. "Baba mmoja?"

"Fomu haiulizi hilo," akasema Mama Daftari.

Karani akaichukua fomu, akaisoma juu hadi chini, akageuza nyuma. Kweli, haikuuliza. Akasukuma kalamu chini ya kioo.

"Basi sahihisha kwa mkono wako, na uweke saini pembeni."

Alikata neno mgeni kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kaka juu yake, akaweka saini, akapuliza wino ukauke. Muhuri ukagongwa. Njiani kurudi mzee alikwama kuvuka barabara kwa nyonga yake, Mama Daftari akamshika mkono hadi ng'ambo, halafu akasahau kuuachia.

Kibali kilitoka baada ya wiki sita. Kadi ndogo, picha mbaya, tarehe ya mwisho hakuna.

Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, Mama Daftari alipanda ngazi kama kawaida, daftari kwapani. Namba moja, vema. Namba mbili, tupu. Namba tatu, vema. Namba nne alifungua, akaona shuka imevurugwa kama kila siku, akaufunga mlango, akaenda namba tano. Mpwa alikuwa nyuma yake na ndoo ya kudekia.

"Mama mkubwa, namba nne hujaandika."

"Hili ni daftari la wageni," akasema, akaendelea na kazi.

Alipomaliza alishuka, akafungua saraka ya meza yake, akatoa spana. Kile kikaratasi kilichosema irudishwe siku ya kuondoka alikibandua, akakichana, akaenda uani ambako mzee alikuwa amekaa na kikombe chake.

"Kaka," akasema, "bomba la jikoni linavuja."

Mzee aliipokea spana kwa mikono miwili, akaanza kuinuka kwenye kiti, polepole.

"Naomba kuarifu," akasema, "kwamba nalisikia tangu mwaka wa kwanza."